Ngome Ilipohamia Kushoto: Kisa cha Vigae 120 vya Marumaru Vyenye Picha za Unguja ya Zamani

Watu wengi wananiuliza hizi zawadi za vigae vya marumaru vyenye picha za miji ya zamani zinatengenezwaje, na kwa nini siku hizi nataka muda mrefu kabla ya kupokea oda. Majibu yote yamo ndani ya oda moja tu, ya vigae 120 iliyoenda Muscat, na robo nzima ya hiyo oda ilitoka na kosa ambalo pale karakana hakuna aliyeliona hata mmoja. Naieleza yote mwanzo mpaka mwisho.

Mteja ni dada mmoja anayeishi Oman, familia yao asili ni Unguja mjini, waliondoka 1964 mama yake akiwa msichana mdogo. Alikuwa anaozesha binti yake na hakutaka kugawa chokoleti na vikopo vya ubani kama harusi zingine, akataka kila mgeni aondoke na kipande cha Unguja, kigae cha marumaru cha sentimita 10 kwa 10 chenye picha ya zamani. Picha alituma nne, kila moja vigae 30. Ya kwanza Forodhani ikiwa imepigwa kutoka baharini, Beit el Ajaib, lile jumba la Sultani, katikati. Ya pili gari moshi la Bububu, ile reli ya kama maili 7 iliyoanza kazi 1905, ambayo watoto wa mjini leo ukiwaambia Unguja ilikuwa na treni wanadhani unawatania. Ya tatu Soko la Darajani, lile lililojengwa 1904. Ya nne mlango wa nakshi wenye maandishi juu ya kizingiti.

Nikamwambia dada kabla hujalipa chochote tupige hesabu ya uzito kwanza, maana hili ndo linawashangazaga wengi. Kigae cha 10 kwa 10 chenye unene wa sentimita 1 ni sentimita za ujazo 100, na marumaru ina kama gramu 2.7 kwa kila moja, kwa hiyo kigae kimoja gramu 270, vigae 120 ni kilo 32 na ushee bila boksi. Yeye alikuwa amepanga shangazi yake aliyekuja Dar atabeba kwenye begi moja. Tukakubaliana yatakuwa mabegi mawili na shangazi apewe mtu wa kumsaidia, mambo ya kumbebesha mtu mzima mawe bila kumwambia mi siyawezi.

Ikaja zamu ya jiwe lenyewe. Hapa kwetu neno marumaru limebeba vitu viwili, lile jiwe la asili na hizi tailizi za kauri za sakafuni, ukienda dukani ukisema nataka marumaru nyeupe utaletewa tailizi inayong'aa vizuri tu yenye michirizi ya kuchapwa kiwandani, na muuzaji wala hakudanganyi, ndo jina analolijua. Mzigo wetu wa kwanza ulikuwa hivo hivo. Kuitambua ni rahisi: geuza upande wa nyuma, tailizi ina mistari ya kushikia simenti na rangi ya udongo, jiwe ni lile lile mbele na nyuma. Ukitaka uhakika zaidi kamulia tone la ndimu upande wa nyuma, marumaru ni kalisi kabonati, ndimu ikiigusa inatoa vipovu vidogo kama soda na ukifuta panabaki pamefifia. Tailizi haishtuki. Basi mzigo tukaurudisha, tukaenda kwa mafundi wanaokata makaunta ya jikoni, wana mabaki mengi ya marumaru, wakatukatia vipande 128, vile 8 vya akiba.

Na hiyo ndimu ikanifanya nifikirie jambo jingine. Dada alitaka viwe vya kuwekea vikombe. Chai ya rangi na ndimu ikimwagika juu ya marumaru tupu inaacha alama haitoki kwa kufuta. Ukisema umwage epoksi juu ilinde, ile gundi ya maji inayokauka ngumu kama kioo, epoksi nyingi za kawaida zinalainika kwenye joto la kikombe, nilijaribu kwenye sampuli moja, nikaweka kikombe cha chai ya moto nikaenda kuswali, niliporudi nikakinyanyua kikanyanyuka na kigae chake, na baadaye duara limebaki juu ya picha. Nilikuwa bado natafuta la kufanya dada mwenyewe akamaliza ubishi kwa sababu nyingine kabisa ambayo ilinipita. Akasema kaka, ule mlango juu una aya, mtu atawekaje kikombe juu ya aya? Kweli kabisa. Milango mingi ya Unguja ina aya ya Qur'ani imechongwa pale juu, tumeizoea kiasi kwamba tunaiona kama nakshi tu. Tukabadilisha zawadi yote hapo hapo, vigae viwe vya kusimama mezani au kabatini kwenye kisimamio kidogo cha mbao, visilazwe chini. Mi naona hata kwa picha zisizo na aya ni uamuzi bora, picha ya mji wa mtu haifai kukaa chini ya kikombe.

Sasa picha. Dada alikuwa amezituma WhatsApp kama watu wote tunavyotuma, zikafika zimebanwa, ile ya Darajani ilikuwa na pikseli 600 hivi kwa upana. Kigae cha sentimita 10 ukitaka picha itulie unahitaji pikseli 300 kwa inchi, yaani kama 1,180 upande mmoja. Nikamwomba azitume upya kama dokumenti, na zile mbili alizokuwa nazo mama yake kama postikadi halisi aziskani badala ya kuzipiga na simu. Postikadi za Unguja za wakati ule ni kazi nzuri mno, kina A. C. Gomes na Coutinho Brothers walikuwa na studio pale pale mjini, ukiikuza skani yake unaona mpaka mikunjo ya kanzu za watu waliosimama Forodhani.

Kuhusu haki za picha niseme mara moja. Postikadi za zaidi ya miaka mia zile hazikunipa wasiwasi, ila dada alitaka kuongeza na picha ya miaka ya 60 aliyoitoa mtandaoni, nikakataa. Studio kama Capital Art pale Unguja mjini, iliyoanza 1930, picha zake zina wenyewe, ukitaka kuzitumia nenda kaombe na ulipe.

Afu kukawa na jambo la mwaka. Dada alitaka chini ya picha ya Beit el Ajaib tuandike "Zanzibar 1890" kwa sababu inapendeza. Nikamwambia dada haiwezekani, picha yenyewe inakataa. Jumba lilijengwa 1883 enzi za Sayyid Barghash, na mnara wa mwanzo ulikuwa umesimama peke yake mbele ya jumba, ukaangushwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 kwenye vile vita vilivyoisha kabla saa moja haijatimia. Huu mnara wa saa tunaoujua sote, uliotokeza katikati ya uso wa jumba, ulikuja baada ya pale. Kwenye picha yake mnara upo kwenye jumba, kwa hiyo 1890 haipo. Tukaandika Forodhani, Unguja, bila mwaka. Mtu mwingine angesema hayo mambo madogo nani atajua. Huko Muscat ndiko wanakojua.

Nafika kwenye kosa.

Njia niliyotumia ni ya kuhamisha wino wa leza. Kuna njia zingine, sablimesheni, ile ya wino unaogeuka mvuke kwa joto, ni nzuri lakini ule wino unashika kwenye poliesta au juu ya tabaka maalumu la kupakwa tu, jiwe tupu haulishiki, na printa za UV, zinazokausha wino kwa mwanga, zinachapa moja kwa moja juu ya jiwe ila zinaweka picha juu juu kama stika, mi binafsi sizipendi kwa picha za zamani. Kuhamisha wino wa leza ni kazi ya mikono. Unachapa picha kwenye karatasi ya kawaida ikiwa imegeuzwa kulia kushoto, unapaka jiwe gundi ya akriliki, unalaza karatasi uso chini, unaisukuma upepo utoke, unaacha ikauke kabisa, siku ya pili unalowesha na kusugua karatasi kwa kidole taratibu mpaka itoke kwa vipunje kama ugali uliokauka kwenye sufuria, na chini yake picha inabaki imekaa kwenye jiwe. Printa ya leza ya kawaida haina wino mweupe, kwa hiyo kila palipokuwa peupe kwenye picha panaonekana jiwe lenyewe. Anga la Forodhani linakuwa ni marumaru. Mshipa wa kijivu wa jiwe ukipita juu ya mnara unakuwa wingu, na hakuna vigae viwili vyenye wingu moja, hicho ndo kilinifanya niipende kazi hii. Lakini mshipa huo huo ukipita usoni kwa mtu unakuwa kovu, kwa hiyo unapanga mawe kwanza, yenye mishipa juu yaende Forodhani, yaliyo matupu yaende Darajani kwenye watu wengi.

Mlango tuliuchapa siku ya kwanza, na kwa sababu una maandishi ya Kiarabu tuliukagua mara tatu, aya ikigeuka tu inakusuta papo hapo. Ukatoka sawa. Treni na Darajani zikatoka sawa siku hiyo hiyo. Siku iliyofuata kijana wetu akaanza Forodhani, akaigeuza picha kwenye programu kama kawaida. Asichokijua ni kwamba jioni ya jana yake nilikuwa nimechapa kitu kingine na kule kwenye mipangilio ya printa nikaweka alama pale pa kugeuza, sikuitoa. Kwa hiyo picha ikageuzwa mara mbili, karatasi ikatoka imenyooka, na ilipolala kwenye jiwe ikawa imepinduka. Vigae 30 vyote.

Na hakuna aliyeona! Hilo ndo nililolichambua zaidi baadaye, kwa nini hatukuona. Kijana wetu ni mtu wa Singida hajawahi kufika Unguja. Mimi nimefika mara nyingi, nimekula urojo pale Forodhani, lakini jumba lenyewe ukiliangalia limelingana, mnara katikati, nguzo kushoto nguzo kulia, ukiligeuza linabaki lile lile. Na maandishi tuliyoongeza chini tuliyabandika mwisho kwa njia nyingine, kwa hiyo yalisomeka vizuri. Ila kubwa zaidi, ile postikadi ilikuwa na maandishi yake ya asili kwenye ukingo wa chini, jina la mahali na jina la mpiga picha, na mimi ndiye niliyeyakata ili picha ikae mraba. Yale maandishi yangekuwepo yangetoka kinyumenyume kwenye kigae cha kwanza kabisa na tungesimama pale pale. Nilikata kitu kimoja ambacho kingenionya, na wakati huo huo nikamkata aliyepiga picha. Makosa mawili kwa mkasi mmoja.

Tukampigia dada picha za vigae vyote, akafurahi sana, akatuma moyo. Saa kama mbili baadaye ikaja voisi ya mama yake, sauti ya taratibu ile ya wazee wa mjini.

"Assalaam aleykum mwanangu. Kazi nzuri mashaallah, Mungu akuzidishie. Lakini hii Forodhani siyo niijuayo. Nikiwa kwenye mashua naangalia mji, Ngome ipo mkono wangu wa kulia. Hapa Ngome imekwenda kushoto kwa Mfalme. Sasa nyumba yetu mumeiweka wapi?"

Niliisikiliza nimesimama, nikaenda kuchukua ramani kwenye simu, nikaweka na kigae pembeni. Ukitazama kutoka baharini Ngome Kongwe ipo kulia, Beit el Ajaib katikati, kasri kushoto. Kwenye vigae vyangu vyote 30 Ngome ilikuwa kushoto. Mama yule ana zaidi ya miaka 70, hajaishi Unguja tangu usichana wake, ameiona kwenye kioo cha simu kidogo, na kilichomshtua ni kwamba alikuwa anaitafuta nyumba yao. Kwao ilikuwa nyuma ya Ngome, huko Gizenga. Alianza na Ngome ili aipate nyumba, akakuta Ngome haipo mahali pake.

Hapo ndo nilielewa hii bidhaa ni kitu gani hasa. Mimi nilikuwa naona natengeneza pambo, picha nzuri, jiwe zuri, rangi ya kahawia ya kizamani. Anayepokea haangalii rangi. Anatafuta kwao. Anaweka kidole anatembea, kutoka hapa napita hapa natokea hapa, na kigae kikimdanganya kona moja tu basi chote kimeharibika, hata kingekuwa kimeng'arishwa vipi. Na kwa Beit el Ajaib ni zaidi, maana sehemu ya mbele na ule mnara viliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, watu wakafa, sasa kwa mtu aliye mbali ile picha ndo mnara wenyewe. Sakafu za jumba lile ziliwekwa marumaru. Kuuweka mnara wake kwenye marumaru halafu ukiwa umepinduka, hapana, lile lilinikaa moyoni siku kadhaa.

Sikumwomba avipokee kwa punguzo la bei wala kusema wageni hawatajua. Nilimpigia dada nikamwambia mama amesema kweli, kosa ni letu, gharama ni yetu, nahitaji siku tano. Akanipa. Marumaru iliyopigwa polishi asetoni haiidhuru, ni asidi ndo adui yake, kwa hiyo tukalaza vitambaa vyenye asetoni juu ya vigae kwa dakika chache, akriliki ikalainika, tukaikwangua kwa wembe mpya tukiulaza sana ili kona isichimbe jiwe. Kati ya 30, vinne vilichubuka, tukatumia vya akiba. Tuliuosha mzigo wote na hapa tukajizuia tusiharakishe, jiwe linanyonya maji na ukipaka vanishi likiwa bado na unyevu ndani unakuja kuona ukungu mweupe chini ya picha ambao hautoki tena. Tuliviacha siku mbili kwenye feni.

Mara ya pili picha ya Forodhani sikuikata. Niliiacha na ukingo wake wa chini, maandishi ya asili yakabaki, picha ikawa imepungua urefu kidogo na ukanda wa jiwe ukabaki juu na chini. Ilipendeza kuliko ya kwanza. Na kigae cha kwanza kilipotoka hatukuendelea, nilikipiga picha nikamtumia mama moja kwa moja, nikamsubiri. Akajibu "sasa ndiyo, Ngome imerudi kwao." Ndo tukaendelea na 29.

Tangu hapo kila oda ya mji kigae cha kwanza kinaenda kwa mtu aliyezaliwa au kukulia kwenye huo mji, siyo kwa mteja, maana mteja mara nyingi ni kijana anayenunulia wazazi na yeye mwenyewe haujui. Juzi nilikuwa na oda ya Mnara wa Askari wa Dar, ile sanamu ya shaba ya 1927, kigae kikaenda kwa mzee mmoja aliyefanya kazi posta miaka mingi, akanitazamia bunduki ipo mkono gani. Na pale kwenye printa tumebandika karatasi, kugeuza ni kwenye programu tu, mipangilio ya printa haiguswi. Nje ya picha, kwenye pembe ya karatasi, tunachapa herufi R moja ndogo, kabla ya kulaza karatasi unaiangalia, ikisomeka vizuri ujue karatasi hiyo ni ya kutupa.

Kuhusu kufunga mzigo, tulipanga vigae vikiwa vimesimama kwa ubavu kama vitabu kwenye shelfu, katikati ya kila viwili kipande cha boksi, kwa sababu jiwe jembamba likilazwa na kubebeshwa mengine juu linakatika katikati likipigwa kidogo tu. Ila lile begi la pili shangazi alilipanga upya mwenyewe ili aweke na karafuu na achari, akavilaza. Vitatu vilifika vimevunjika, kimoja cha treni na viwili vya Darajani. Vya akiba vilivyobaki vinne vilikuwemo humo humo bila picha, kwa hiyo nikachapa karatasi tatu nikampa msafiri aliyefuata na nikamwelekeza dada kwa simu jinsi ya kuzilaza, akafanya na binti yake usiku wa kuamkia hina, R kwanza, gundi, subiri, sugua.

Kile cha nne kilichobaki tupu mama amekichukua. Ana picha ndogo ya kibarazani kwao Gizenga, yeye na ndugu zake wamekaa na baba yao, imechanika kona. Ameniuliza kama itaweza kukaa kwenye jiwe bila mshipa kupita usoni kwa mtu. Nimemwambia anipigie picha kigae chenyewe kwanza kwenye mwanga wa dirisha, nione mishipa inapita wapi.